Nilimchongea Jeneza la Mzaha, Naye Akafa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi ni mtu mzima, baba wa watoto watatu, seremala kwa miaka kumi na tisa, na sasa naogopa kuingia kwenye karakana yangu mwenyewe mchana kweupe.

Mimi ni shabiki wa timu ya Machungwa tangu nina meno ya utoto. Kabla ya mechi yetu na Buluu, wenzangu wa tawi walinijia wakasema fundi tuchongee jeneza la mzaha, liandikwe namba tisa, tumzike Kiberiti pale pale uwanjani, na huyo Kiberiti ndiye alikuwa mshambuliaji wao, kijana mwembamba aliyetufunga misimu mitatu mfululizo bila huruma, basi nami nikaona ni utani wa mpira tu, nikachukua mbao za msonobari, nikapiga randa, nikaunga, sikumpima mtu yeyote, vipimo vilinijia tu kichwani, nikapaka rangi nyeupe na namba tisa nyekundu, likatoka zuri hata mke wangu akaniambia, "Baba watoto, kitu cha mzaha hakipigwi msasa hivyo." Sikumsikia. Jumamosi tulilibeba watu wawili wawili kwa zamu, juu kwa juu, jepesi kama kapu, tukaimba, tukacheka, mechi ikaisha sare. Jumanne asubuhi Kiberiti akaanguka mazoezini. Hakuguswa na mtu. Moyo, walisema madaktari.

Walimzika mbali, kwa baba yake. Siku mbili baada ya maziko nilitoa lile jeneza nje nilichome, nimeshika mafuta ya taa, mara namwona Tarumbeta anavuka barabara. Huyu ni kinyozi, kibanda chake kinatazamana na karakana yangu, ndiye kiongozi wa Buluu mtaani kwetu, na kwa miaka kumi hatujawahi kusalimiana ila kwa matusi. Nikajua leo ndiyo leo. Akaja, akaweka kiganja juu ya kifuniko, akalia kama mtoto, na mimi nikajikuta nimemkumbatia.

"Usilichome, ndugu yangu," akasema. "Tutamlilia wapi? Kaburi liko mbali, na hili lina namba yake."

Tukalirudisha ndani. Toka hapo watu wa Buluu na wa Machungwa wanakuja kukaa kwenye mbao zangu, waliokuwa wakirushiana chupa sasa wanapokezana kikombe cha maji, hakuna anayepandisha sauti. Siku ya tatu akaja mama yake Kiberiti, anaishi nyuma ya soko, akanishika mikono yote miwili akasema, "Asante, mwanangu, kwa kumkumbuka." Nikaitika. Tarumbeta akatazama chini.

Mshauri, hapo ndipo mambo yalipoanza. Namba tisa nimeipaka rangi nyeupe mara tatu kwa aibu, na kila asubuhi naikuta imerudi, kwanza kama kivuli cha waridi, kisha nyekundu. Jeneza tulilobeba wawili sasa wanaume wanne wanalisogeza kwa taabu. Nikizima mashine saa sita mchana linagonga, mara mbili, kimya, mara mbili tena, na usidhani ni masikio yangu, Tarumbeta amelisikia na wembe ukamdondoka. Mama yake anakuja kila siku saa nane na mfuko wake wa nguo, sisi tunatoka nje kwa heshima, namsikia akizungumza polepole, ananyamaza kama anayesikiliza jibu, halafu anacheka kidogo. Na juzi, kabla hatujatoka, alitoa uzi mweupe akasema ndio aliompimia mwanawe siku ya maziko, akaunyoosha juu ya kifuniko kutoka mwanzo hadi mwisho. Ulitosha. Haukuzidi, haukupungua. Akaukunja, akaurudisha kifuani.

Wenzangu wa tawi wanasema nyamaza. Mke wangu anasema mwambie. Tarumbeta anasema nikisema, vijana wa Buluu watachachamaa na damu itamwagika. Nimekonda, suruali zinanivuka. Nifanye nini?

Fundi wa Mbao

*

Fundi, pole sana. Nimeanza na pole kwa sababu yanayofuata si matamu.

Hukumuua. Majeneza ya mzaha yangekuwa yanaua, ligi hii ingekuwa imebaki na waamuzi peke yao. Kijana alikuwa na moyo mgonjwa ambao hakuna aliyeujua. Jivue hilo leo, maana kujiona una nguvu za kuua watu kwa msumari na gundi nako ni majivuno.

Halafu wewe ni fundi au umeokota randa njiani? Nyekundu iliyo chini ya nyeupe hupenya, unawaambia wateja wako kila wiki. Mbao mbichi zikikauka hulia, na wewe umechonga kwa haraka ya mechi. Ule uzito nao: barua yote hii ndefu, hukuniambia hata mara moja kwamba umefungua kifuniko. Kwa nini hujafungua? Nimesoma mahali pa uzi wa mama nikainuka kwenda kuwasha taa, ingawa ilikuwa asubuhi.

Lakini kinachokukondesha ni kwamba mwanamke aliyefiwa anakuita mwanangu, nawe unaitika. Na unadhani hajui? Mechi ilionyeshwa kwenye televisheni. Mama gani asiyetazama mechi ya mwanawe?

Kesho saa nane usitoke nje. Mpe kiti. Mkeo awepo, Tarumbeta awepo, na hao wenzako wa tawi waje pia, mabega yao ndiyo yaliyobeba. Sema kwa kinywa chako nani aliagiza, nani alichonga na kwa nini. Neno "mzaha tu" liache nyumbani. Akikupiga, pigwa. Akinyamaza, nyamaza naye. Kisha mwombe ruhusa mfungue pamoja, na litakalofanyika kwa hilo jeneza aamue yeye. Vijana wa Buluu mwachie Tarumbeta: aliyekuja kulia kwako anajua kuwatuliza.

Nyongeza: Jibu hili nilimtumia fundi kwanza, naye akanipigia simu kabla ukurasa huu haujaenda mitamboni. Alisema yote, amesimama. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafungua kifuniko mwenyewe. Ndani zilijaa nguo za mwanawe, zimekunjwa vizuri, viatu vyake vya mpira, madaftari yake ya shule, rundo la picha, na kwenye kona jiwe la kusagia alilopenda kukalia utotoni. Alikuwa akivileta kidogo kidogo.

"Nilikuona kwenye televisheni," alimwambia fundi. "Ulikuwa umeshika upande wa kichwani, unacheka. Nilingoja useme mwenyewe."

Fundi akaanza kulia. Mama akamwachia alie, kisha akaendelea.

"Jioni ile mwanangu alinipigia simu, anacheka mpaka anakohoa. 'Mama, wamenichongea jeneza, tena zuri kuliko kabati letu.' Nikamkemea, kwamba vitu hivyo havichekwi. Akasema, 'Mama, wiki ijayo namtafuta huyo fundi atutengenezee kabati.' Sasa wiki imepita, na yeye hakuja. Nimekuja mimi. Utaanza lini?"

Fundi ananiuliza amjibu nini.

Mpe tarehe, kaka. Na najua nyinyi mafundi: safari hii tarehe iwe tarehe.