Nilivyomfokea mama wa samaki

Yaya Neema,

Wewe huko Bukavu unavaa sweta. Hapa Kisangani jua linatukaanga, na leo limenifanya mkali. Mimi, ninayeogopa hata kumjibu mwalimu! Tukivuka mto kwa mtumbwi, mama mmoja aliniwekea kikapu cha samaki magotini, nikamfokea. Naye akanifokea. Mpiga kasia akalaza kasia lake katikati ya maji.

"Bon, joto limewapanda kichwani. Hatusogei mpaka mupatane."

Abiria wote wakanitazama, jua likiwachoma. Nikasema kwa sauti, "Pardon, mama."

Akachota maji ya mto, akanimwagia kichwani. "Sasa umepoa, mutoto yangu."

Mtumbwi mzima ukacheka, hata mimi. Yaya, nimeongea mbele ya watu na sikufa.

Nakukumbatia na jasho langu lote,
mdogo wako Aline