Wanaogopa Sista

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Mvua kidogo hapa Gatuanyaga, asante Mungu – vumbi limelala. Musau wetu wa afya ya jamii ameanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na maswali yake: mbona watoto ishirini na tatu hawajaletwa kwa sindano ya pili ya surua? Nimemwambia asijichoshe. Ni huo uongo wa WhatsApp. Nimeshaandika hotuba ya kuwasomea wamama, tena nzuri! Nimeijaribu mbele ya kioo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Musau amerudi na karatasi zake. Akanywa chai vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo. Ati wanaoogopa chanjo ni watatu tu. Wengine wote wanaogopa sista. Sista gani? Kwani kwa hii zahanati tuko wangapi? Niko peke yangu!

Wanasema ukija bila kitabu cha kliniki unafokewa mpaka unasahau kilichokuleta. Sawa, huwa nafoka. Lakini kitabu ni kitabu! Hata sahani ya githeri imenishinda kumaliza leo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemlazimisha Musau anipeleke kwa nyumba moja nijisikilizie. Kosa. Ni kwa Zainab, yule wa mitumba. Mtoto wake Zaid ana miaka miwili, hiyo sindano hana, na huko ng'ambo ya mto nasikia surua imeshika watoto wawili. Aliponiona akapanguza stuli haraka. Tuko sawa, sista. Kila swali – tuko sawa.

Njiani Musau akaniambia nimemharibia kazi. Jumanne huyo mama alimweleza yote. Aliachana na bwana, kitabu kikabaki kwa wakwe Ruiru. Mwezi wa sita alikuja bila hicho kitabu, na mimi nikamwuliza mbele ya foleni, "Kitabu umepoteza, mtoto utampoteza lini?"

Foleni ilicheka. Hata mimi. Jioni ile nikamhadithia mzee wangu, akacheka pia. Aki nimeona aibu.

Jumatatu, 13 Oktoba
Hotuba nimewashia jiko. Vitabu vipya nina kabati nzima, na kila mtoto yuko kwa rejista yangu. Sasa nilikuwa nafokea nini? Wamama wanne leo bila vitabu. Nimewaandikia vipya, mdomo nimefunga. Mmoja akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nimecheka! Siku njema kabisa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Saa tano, niko kliniki. Kumi na mmoja wamedungwa tayari! Mama mmoja, Wanja, ameleta mapacha.

Zainab amefika getini na Zaid mgongoni. Akamwuliza Musau kama leo kuna sista mwingine. Hakuna. Akageuka, akaenda hatua kadhaa, akasimama.

Nikatoka. Nikasema kwa sauti, benchi yote isikie, maana hata siku ile walisikia: "Mama Zaid, nilikukosea. Kitabu nitakuandikia. Tafadhali, mlete mtoto."

Hakuna aliyecheka. Yeye ananiangalia tu. Haingii, haendi. Nilitaka kumfuata nimshike mkono – Musau akatingisha kichwa, nisimsukume.

Basi nimekaa mwisho wa benchi, pale wamama hukaa, naandika hii kwa goti. Sindano iko tayari ndani. Zaid amelala. Mama yake bado amesimama, na leo mimi ndiye ninayengoja.