Maua ya Jumamosi

Kisangani, commune ya Tshopo, tarehe 11 Machi

Kwa dada yetu mkubwa, Yaya Augustine, Isangi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto wote. Ni tumaini langu kwamba mguu wako umepona na kwamba sasa unashuka sokoni bila fimbo. Sisi hapa tunaendelea. Watoto wanasoma, mdogo wako Israël anafanya kazi, Papa yenu ni mzima na anakula vizuri. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyasome kwanza ukiwa peke yako.

Unakumbuka jiko letu lilivyoungua mwezi wa kwanza. Umeme ulikatika asubuhi, nikaenda sokoni, Papa akabaki nyumbani peke yake. Umeme uliporudi mchana, réchaud yetu ya umeme ya kupikia iliwaka ikiwa na kikapu cha nguo juu yake. Majirani walizima kwa ndoo, lakini pazia, kabati na nusu ya dari viliteketea. Nyote mliambiwa kwamba Papa alitaka kuchemsha chai akasahau. Yeye mwenyewe hakusema neno. Ndipo mkaamua kwamba mzee wa miaka themanini na moja hawezi kuachwa peke yake mchana, na kwamba baada ya Pasaka utakuja na boti kumchukua akaishi kwako.

Bon. Siku wazee wa familia walipokuja kukaa kikao cha kuamua hayo, nyumba ilikuwa bado inanuka moshi. Nilipita duka moja la vyakula, alimentation, mjini, nikaona maua ndani ya ndoo, karibu na friji ya maziwa. Huletwa kwa ndege kutoka Goma, na yakikaa siku tatu bila mnunuzi, bei yake hushuka ikawa kama ya mikate miwili. Nikachukua fungu moja: mawaridi matano, na mengine meupe, madogo madogo, nisiyoyajua jina. Niliyatumbukiza yote kwenye jagi, nikaliweka mezani. Yalisimama kama ufagio.

Papa aliyatazama muda wote wa kikao. Wageni walipoondoka aliinuka, akayatoa yote, akaomba kisu. Tangu siku ya moto hakuwa ameniambia maneno yanayofika kumi.

“Mama Chance,” aliniambia, “haya maua iko na kiu ndani ya maji.”

Akanionyesha ncha za mashina zilivyokauka. Alizikata kwa mshazari ndani ya beseni la maji, akang'oa majani yote ambayo yangegusa maji, kwa sababu huoza na kuua ua zima. Kwenye jagi hakuyarudisha. Aliomba makopo ya nyanya, glasi na chupa tupu ya Fanta. Mawaridi mawili marefu aliyaweka kwenye chupa, mafupi kwenye kopo, yale meupe kwenye glasi, akaongeza majani ya kangaga yanayoota nyuma ya nyumba. Fungu lile moja likatosha meza, dirisha na kabati la televisheni. Ndani ya maji alitia sukari kidogo na tone la Javel ya kung'arishia nguo. Kisha akaniamuru nihamishe mkungu wa ndizi zilizokuwa zinaiva pembeni, kwa kuwa hewa yake huzeesha maua. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Yalikaa siku tisa.

Unajua kuliko mimi kwamba Papa alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi miaka thelathini na minne, akikausha mimea na kuibandika kwenye karatasi pamoja na majina yake. Mimi nilikuwa najua tu kwamba ndiyo kazi aliyofanya. Sikuwahi kumwuliza.

Tangu hapo kila Jumamosi nilileta fungu moja. Mimi nilishika, yeye alikata. Nikibananisha alinizuia: “Acha nafasi, mama. Maua haiko mizigo ya kushindilia ndani ya camion ya Buta.” Aliniambia kwamba marehemu Mama alikataa maua ndani ya nyumba, akisema ni mambo ya matanga, na kwamba kwa ajili hiyo miaka yote hiyo aliyapanga ofisini. Israël alitucheka mwanzoni, eti tunanunua maua katika mji ambao majani yanaingia hadi mlangoni. Baadaye akaanza kuuliza wiki hii ni ya rangi gani.

Jumamosi iliyopita Papa aliniuliza kama Isangi kuna mahali panapouzwa maua. Nikajibu kwamba sijui. Akasema si kitu, atachuma ya porini. Hapo niliweka chini maua niliyoshika.

Yaya, naandika wazi. Papa hakugusa réchaud. Asubuhi ile nilikuwa napika maharagwe, umeme ukakatika, nikaondoa sufuria, nikaweka juu yake kikapu cha nguo za kupiga pasi, nikatoka bila kuchomoa waya. Niliporudi nikakuta watu wamejaa uani, mmoja akauliza nani aliacha moto, nami nikajibu ni Papa. Nilimwogopa Israël, dari ile aliijenga kwa mwaka mzima. Na kuna lingine. Nilikuwa nimechoka kumhudumia mtu asiyesema. Mlipoamua kumchukua, nililala vizuri.

Nilimwambia Papa yote haya. Hakuacha kukata. Akasema alijua, kwa kuwa yeye hanywi chai mchana, na watoto wake wote walisahau hilo. Nikamwuliza kwa nini alinyamaza.

“Mimi niko na watoto tatu, kila mutu na nyumba yake,” alijibu. “Wewe wangekurudisha kwenu Kindu, na kule nyumba ya papa yako haiko tena.” Akakata shina jingine, akaongeza: “Lakini nilikasirika. Ndiyo maana sikukusemesha.”

Jioni hiyohiyo nilimwambia Israël. Alitoka akakaa siku mbili kwa rafiki yake. Amerudi, anakula, anazungumza nami kuhusu watoto tu. Ana haki. Familia mkitaka kukaa tena, nitayasema haya mbele ya wote.

Kuhusu safari, nilimwuliza Papa mwenyewe. Amesema uje baada ya Pasaka kama ulivyopanga, maana anatamani kuwaona wajukuu. Lakini atabeba begi dogo tu. Sanduku lake linabaki hapa.

Msalimie shemeji, na ukishamaliza kusoma umpe naye asome. Wabusu watoto. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Mke wa mdogo wako,
Naomie