Makopo kwenye Kona ya Njano

Jumatatu, 1 Septemba
Nimefungulia maji saa sita tena, jua la utosi. Bosi anataka wageni wa hoteli wakila mchana waone vinyunyizio vinazunguka. Nusu ya maji inapotelea hewani. Miaka tisa natunza bustani hii na bado nafanya maonyesho. Kona ya mashariki imezidi kuwa ya njano. Nimeiongezea saa nzima, kama kawaida.

Jumatano, 3 Septemba
Bosi amefunga bomba la nje ya ukuta, lile majirani wa kijiji cha Nangara wanalochotea maji bure. Eti kisima hakitoshi bustani na watu. Mama Tluway alikuwa wa kwanza kwenye foleni, madumu manne, punda kando. Nikamwamkia. Akaitikia, halafu: "Mama Neema, majani yenu yanakunywa kuliko ng'ombe wangu." Nikacheka. Sijui nilicheka nini. Nimekasirika mpaka sasa.

Ijumaa, 5 Septemba
Situlii. Nimeomba makopo matupu ya nyanya jikoni, kumi na mawili, nikayapanga bustani nzima kabla ya kufungulia maji. Wapishi hoi kwa kicheko. Eti natega mvua. Baada ya nusu saa nikafunga. Makopo ya langoni yamelowa tu. Ya katikati, nusu. Ya kona ya njano yamefurika. Nikamwaga, nikarudia. Yale yale.

Jumamosi, 6 Septemba
Nimechimba ile kona. Jembe limezama lenyewe. Tope jeusi, linanuka, mizizi imeoza. Haikuwa na kiu hata kidogo. Kila ilipopauka niliiongezea, ikapauka zaidi, nikaongeza tena. Kiangazi chote. Maji ya Mama Tluway hayo. Mjinga ni mimi. Bosi hajui, na nikinyamaza hatajua.

Jumapili, 7 Septemba
Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Bosi na kuyapangua. Naogopa kufukuzwa, Neema yuko kidato cha tatu. Njiani nikamwona Mama Tluway na punda wake wakitoka ziwani na maji. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mtu mzima, nimekwepa kumwamkia mama wa watu. Aibu.

Jumanne, 9 Septemba
Nimesema. Nilimpeleka Bosi konani nikampa jembe achimbe mwenyewe, na viatu vyake vya ofisini. Akachimba, akalinusa tope. "Kiangazi chote, Mama Neema?" Nikasema ndiyo. Nikaomba kona niifungie maji kabisa, na kwingine nimwagilie alfajiri. Kanipa wiki mbili. Maji yakibaki, bomba la nje linafunguliwa. Majani yakikauka, naondoka.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimesogeza vinyunyizio mara tatu. Makopo sasa yanakaribiana. Langoni kuna kijani kidogo, au macho yangu yananidanganya. Nachungulia tenki mara tano kwa siku. Nimemfokea mpishi bila sababu.

Jumanne, 23 Septemba
Bomba limefunguliwa asubuhi. Kona ni udongo mtupu, nimeiacha hivyo. Nilisimama ndani ya ukuta nikisikiliza madumu yakijaa, kisha nikatoka. Shikamoo, nikasema. Mama Tluway hakuitikia. Nikamweleza yote, kona, saa za ziada, na ule mkoba. Akanipa dumu tupu. Nikakinga. Lilipojaa, akaitikia marahaba.