Madabodi Uliyoniachia

Kendi, Mama Mwenda wangu,

Nilitaka kukuandikia kwa upole, nimeshindwa. Nina hasira na wewe.

Ile kompyuta kuukuu inayoendesha mashine yetu ya kufuma sweta iligoma mara tu tuliporudi kutoka kukuzika Mikinduri. Feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Sweta za shule zilikuwa nusu, na wazazi hapa mtaani Majimbo wanapita kila siku kuuliza. Nikaibeba hadi kwa fundi mjini. Hata hakuifungua. "Mama, hii ni ya makumbusho. Nunua mpya." Nikamwambia mashine yetu haisikizani na kompyuta mpya. Akacheka.

Basi nikaifungua mwenyewe. Na mimi najua nini? Miaka yote uliniambia, "Wanja, wewe shika tochi tu." Nikashika. Ulichomelea, ukanung'unika Kimeru, ikawaka, tukanywa chai. Hukunieleza hata siku moja umefanya nini. Mbona, Kendi? Uliona sitaelewa? Ama ulidhani utakuwa hapa siku zote?

Kwenye madabodi, ile sahani kuu ya ndani, nilibadilisha kapasita zilizofura, vile vipipa vidogo vya umeme. Kimya. Nikasugua meno ya memori kwa raba ya penseli. Kimya. Nikalia, nikaifunika kwa leso, nikairudia. Ndipo nikaona uchafu wa kijani kando ya betri. Maji ya betri yalikuwa yamekula mstari mwembamba wa shaba, ukakatika. Mstari wa jirani yake ulikuwa umekatika zamani, na juu yake palikuwa na waya mfupi uliouchomelea wewe, ukaufunika kwa rangi ya kucha. Ile nyekundu uliyopaka siku ya harusi ya dada yangu.

Nikachukua chuma chako cha kuchomelea.

Kisha nikachomelea waya wangu kando ya wako. Wangu umepinda, nisamehe. Kompyuta ikalia pi! Skrini ikawaka. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja mbio akidhani nimeungua.

Mashine ikafuma sweta chache. Jana kompyuta ikagoma tena.

Leo nimemketisha Purity, yule anayetuunganishia mikono ya sweta, nikamwonyesha kila nilichogusa na kila kilichonishinda. Hilo nakuahidi: hakuna atakayefanya kazi na mimi bila kujua ninachofanya. Na hii madabodi siitupi.

Lala, rafiki yangu. Nikimaliza kukasirika nitakuja Mikinduri kupalilia kaburi lako. Lakini si wiki hii.

Wanja