Mtamba Namba Kumi na Saba

KITUO CHA POLISI CHA KIMORO, WILAYA YA BOMET
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Sellah Chelangat
Umri: Miaka 25
Kazi: Mtafiti msaidizi, mradi wa kufuatilia homa za mbu kwa watu na mifugo
Makazi: Kabianga, Kericho
Tarehe na saa: 16 Februari 1998, saa nne na robo asubuhi
Mbele ya: Koplo Eliakim Wesonga

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Ninaeleza kuhusu Kipkemoi arap Tonui, mkulima wa hapa Kimoro, mzee wa miaka karibu sabini, ambaye yuko katika seli ya kituo hiki tangu Ijumaa. Anadaiwa kumuuza mtamba wa mradi wetu na kumvalisha ng'ombe mwingine namba yake ili atudanganye. Mtamba huyo nilimwandikisha mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimtoa damu.

Kazi yetu ni hii. Mvua zikizidi, mbu huongezeka, na mbu wengine hubeba virusi vinavyoua wana-kondoo, vinavyotoa mimba za ng'ombe, na vinavyowapa watu homa kali, mara nyingine ya kutokwa na damu. Mwaka jana mvua haikujua kukoma. Mradi ulichagua maboma manane katika sehemu hii ya majani chai, na katika kila boma ng'ombe watatu ambao damu yao ilikuwa haijawahi kukutana na virusi hivyo. Kila Jumatatu ya pili ninapita nikitega mbu, nikiwatoa damu ng'ombe hao ishirini na wanne, na watu wa boma wakikubali, tone la kidoleni. Siku damu ya mmoja wao itakapobadilika, tutajua ugonjwa umepanda kutoka nyanda za chini hadi kwetu.

Mnamo tarehe 12 Agosti 1997, saa tatu asubuhi, niliwaandikisha wakulima. Tulikutana kwenye kituo cha kununulia majani, kwa kuwa ndipo wote wanapopatikana. Niliweka karatasi zangu kwenye benchi lilelile la karani, kando ya mizani. Tulikusudia kutoboa masikio ya ng'ombe na kutia vibati vya namba. Wazee walikataa. Walisema sikio ni mahali pa alama ya ukoo, na mtu wa nje hawezi kulikata. Tukakubaliana kibati kining'inie shingoni kwa kamba. Mzee Tonui alipewa namba kumi na tano, kumi na sita na kumi na saba.

Karatasi ya makubaliano iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi nilimfasiria kwa Kipsigis. Lori la majani lilipofika watu walianza kusukumana, na mzee alikuwa na magunia mawili ya kupimwa. Nilikuwa nimefika kifungu cha tano. Kifungu cha sita kinamtaka mkulima atoe taarifa kabla ya kumhamisha au kumbadilisha mnyama aliyeandikishwa. Kifungu hicho sikumsomea. Nilimwonyesha mahali pa kutia kidole, akatia. Tangu siku hiyo hadi jana jioni sikuwahi kumwambia mtu yeyote jambo hili.

Mtamba namba kumi na saba alikuwa mwekundu, mwenye nyota nyeupe kwenye paji, na mguu wa nyuma wa kushoto mweupe hadi kwenye goti. Niliyaandika hayo kwenye fomu kwa mkono wangu.

Kuanzia Agosti hadi tarehe 1 Desemba damu yake ilikuwa safi. Tarehe 15 Desemba nilipita tena, mvua ikinyesha, nikamtoa damu nikiwa nimefunika chupa kwa koti. Niliangalia kibati, nikaangalia mshipa wa shingo. Mguu sikuuangalia. Sampuli za Desemba zilichelewa kupimwa kwa sababu dawa za maabara hazikuwa zimefika.

Mnamo tarehe 4 Februari 1998, Jumatano, saa nane mchana, maabara ilitupigia simu. Damu ya namba kumi na saba, ya tarehe 15 Desemba, ilikuwa na kinga ya homa ya Bonde la Ufa. Kinga hiyo haipatikani mwilini isipokuwa virusi vimekwisha kuingia.

Siku iliyofuata ofisi ya mifugo ilifunga mnada wa Chepilat. Ng'ombe hawakuruhusiwa kutoka bomani, wala mtu kuchinja. Kanisani tulitangaziwa tusinywe maziwa yasiyochemka. Nilikwenda nyumbani kwetu, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai, ambako baba yangu ni karani. Mama alinitilia chai ya maziwa. Nilijua imechemka, nilimwona akiichemsha, na bado sikuweza kuinywa. Aliniuliza, "Sasa hata mimi ninakutilia sumu?"

Naomba jambo jingine liandikwe. Siku ile ya simu, kabla sijaogopa, nilifurahi. Miezi sita nilikuwa nimechora mistari ya mvua na ya mbu ukutani, na mstari wa tatu, wa ugonjwa, ulikuwa umelala chini kama uzi. Nilifurahi kwamba nimepata kitu. Furaha hiyo ilidumu kama dakika tano. Koplo ameniambia, "Dada, hilo si la kesi." Nimemwomba aliandike.

Mnamo tarehe 10 Februari, Jumanne, saa mbili na nusu asubuhi, nilirudi kwa Mzee Tonui kumtoa ng'ombe yule damu nyingine ya kuthibitisha. Nilikuwa na fomu ya Agosti mkononi. Nyota ilikuwepo. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa mwekundu wote. Sikio la kulia lilikuwa limekatwa pembeni kwa alama ambayo ng'ombe wengine wa boma hilo hawana.

Nilimwuliza, "Mzee, huyu ndiye yule wa Agosti?"

Akasema, "Chepto, hiyo ni namba kumi na saba. Soma mwenyewe, si umesoma?" Chepto kwa lugha yetu ni msichana.

"Na mguu mweupe?"

"Wewe unafuga miguu?"

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza ng'ombe wa kwanza yuko wapi, akajibu, "Yuko." Nilimwuliza kwa nani, akaenda kukata nyasi.

Nilimpa taarifa mkuu wangu, Bwana Kepher Okoth. Yeye ni mtu wa upande wa ziwani, mkweli na mwenye haraka, na alikuwa amepigiwa simu na kila ofisi wiki ile. Alisema, "Sellah, mzee ameuza mtamba, akatundika kibati kwa ng'ombe wa barabarani. Wilaya nzima imefungwa kwa ajili ya ujanja wake." Mnamo tarehe 13 Februari, Ijumaa, alikuja kushtaki hapa, na saa tano mchana mzee akakamatwa. Nilikuwepo. Mzee alipoulizwa na afisa alijibu neno lile lile, kwamba ng'ombe yuko. Alipoulizwa jina la aliye naye, alisema hawezi kulitaja jina la mtu katika ofisi ya serikali. Alinitazama mara moja. Hata hapo kifungu cha sita sikukitaja.

Jioni ya siku hiyo maabara ilipiga simu tena. Walikuwa wamepima kwa haraka sampuli zote za Januari. Ng'ombe wengine ishirini na watatu walikuwa safi. Watu wote walikuwa safi, pamoja na mke wa mzee, anayemkamua ng'ombe yule kila siku. Virusi havipandi mlima vikaingia kwa ng'ombe mmoja tu, vikakaa kimya miezi miwili katikati ya mbu wote hao. Sikulala vizuri.

Mnamo tarehe 14 Februari, Jumamosi, saa moja asubuhi, nilikwenda kwa mke wa mzee, Mama Rebeccah. Alikuwa shambani akichuma majani, kwa kuwa majani hayamngojei mtu aliye seli. Hakuacha kuchuma tulipokuwa tukiongea.

Alisema, "Umekuja kumchukua na paka?"

Nilimwambia kwamba nimekuja kwa sababu nadhani tumekosea.

"Wewe ni binti wa nani?"

Nilimwambia baba yangu ni karani wa kiwanda, na kwamba nyumbani hatukuwahi kuwa na ng'ombe.

Akasema, "Ndiyo maana. Ungekuwa umelelewa na ng'ombe, ungejua kimanagan."

Kimanagan ni desturi ya Wakipsigis ambayo nilikuwa nimeisikia lakini sikuwahi kuiona. Mtu hawaweki ng'ombe wake wote pahali pamoja. Wengine huwapeleka kwa rafiki wa mbali, akawatunza na kunywa maziwa yao, ili ugonjwa au ukame ukipiga boma moja mali isiishe yote. Mwenyewe anaweza kuja siku yoyote kumchukua ng'ombe wake na kuacha mwingine. Na aliyewekewa hatangazi, kwa sababu kumtaja ni kufichua mali ya rafiki. Mama Rebeccah alisema mtamba wa mguu mweupe hakuwa wao kamwe. Alikuwa wa Kipkurui arap Soi, anayeishi chini upande wa Trans Mara. Kipkurui alikuja mwenyewe Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, akamchukua na kuacha huyu mwekundu. Anaikumbuka siku kwa kuwa alimpikia mgeni huyo huku mvua ikiingia jikoni.

Nilimwuliza kwa nini mzee alimvalisha ng'ombe mgeni kibati chetu.

Alisimama hapo, kikapu mgongoni, akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji ni maji. "Si mlituandikia namba pale kwa mizani? Mimi nina namba ya majani miaka ishirini. Nikichuma kichaka hiki, ni namba hiyo. Nikikikata nipande kingine, ni namba hiyo. Namba ni ya shamba. Ng'ombe inakuja, ng'ombe inaenda. Mzee aliona namba imebaki bila ng'ombe, akasema huyo msichana akikuta kamba tupu atapata shida kwa mkubwa wake."

Nilikaa chini kati ya mistari ya chai. Nilihesabu siku kwa vidole kama mtoto. Ng'ombe alifika tarehe 12 Desemba. Mimi nilimtoa damu tarehe 15. Mwili hauwezi kuumwa na mbu, kuugua na kutengeneza kinga ile kwa siku tatu. Alikuja nayo kutoka chini. Mbu wa Kimoro hawakuwa wamempa kitu, na yeye, akiwa amekwisha kupona, hakuwa na cha kuwapa. Ugonjwa haukuwa umepanda. Nilimwambia Mama Rebeccah hivyo. Nililia kidogo, naye akanipa kona ya leso yake, akasema, "Basi nenda kwa Kipkurui. Mimi sikukutuma."

Nilifika kwa Kipkurui arap Soi siku hiyohiyo, saa tisa alasiri. Mtamba mwekundu mwenye nyota na mguu mweupe alikuwa malishoni, mzima, na shingoni bado ana alama ya manyoya yaliyosuguliwa na kamba. Nilimlinganisha na fomu. Ni yeye. Kipkurui alisema ng'ombe aliyemwacha kwa Tonui alitoa mimba mwezi wa Novemba, mbu walipokuwa wengi mno huko bondeni, na kwa hiyo akaona bora apande juu penye baridi apumzike. Alisema, "Nilimpeleka hospitali, kumbe nimempeleka rafiki yangu jela." Nilipomweleza kwamba rafiki yake amekataa kumtaja kwa siku mbili, alivaa koti. Tulipanda naye hadi Kimoro, na leo amekuja nami, ameketi kwenye benchi la nje, tayari kuandikisha maelezo yake.

Jana jioni nilimweleza Bwana Kepher yote, pamoja na kifungu cha sita. Aliisoma karatasi mara mbili. Aliniuliza kama ninajua kwamba hilo linaweza kunitoa kazini. Nilisema ninajua. Akasema, "Kwa hiyo huku juu ni salama?" Nikasema ndiyo. Alifunika uso kwa mikono yote miwili, na alipoitoa alikuwa anacheka.

Mzee Tonui hakumwuza mnyama wa mradi. Mtamba hakuwa wa mradi, na hakuwa wake. Aliondoka Kimoro karibu miezi miwili kabla ya amri ya kutohamisha mifugo. Mzee hakuvunja sharti, kwa kuwa sharti hilo hakuambiwa, na aliyepaswa kumwambia ni mimi.

Ninayoyajua yameishia hapo. Nimesomewa, nimesahihisha tarehe moja, na nimeyatia sahihi kwa hiari yangu bila kutishwa wala kuahidiwa kitu.

(Sahihi) Sellah Chelangat

MAELEZO YA AFISA: Nimeandika haya kwa Kiswahili kama shahidi alivyoyasema, nikamsomea, akakubali. Maelezo ya Kipkurui arap Soi yameandikwa kando na yanaafikiana na haya. Mlalamishi, Bw. Kepher Okoth, alifika saa nane na kuondoa malalamiko kwa barua, akiwa na nakala ya ripoti aliyoipelekea ofisi ya mifugo. Kipkemoi arap Tonui ameachiliwa leo saa tisa na dakika ishirini bila mashtaka, akarudishiwa mkanda, kofia na fimbo. Mlalamishi alimwomba radhi mbele yangu. Mzee alijibu kwamba seli ina baridi lakini haina mbu. Wote wanne wameondoka kwa gari la mradi. Mzee amekaa mbele.

(Sahihi) Koplo E. Wesonga