Mbuzi wa Arobaini Yako

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia, na sitaanza leo.

Arobaini yako ilisomwa wiki iliyopita kule Matombo. Watu walijaa, ndizi zikapikwa, dua ikaombwa. Na mbuzi wako akachinjwa. Ndiyo, huyohuyo.

Mjomba Rajabu alipokuja mjini kufungasha vitu vyako, alimkuta nyuma ya nyumba, amenona, akasema marehemu kaacha sadaka yake mwenyewe. Mimi nilikuwa maabara. Nani angemwambia kwamba ndani ya mguu wa yule mbuzi kuna kipande cha metali ya titani tulichotengeneza mimi na wewe, na kwamba tulikuwa tunasubiri masika yaishe ndipo daktari wa mifugo akitazame? Nilipopata habari kwamba kamchukua, nilipanda gari la kwanza. Barabara ya Matombo unaijua mvua ikinyesha. Nilipofika, mbuzi alikuwa ameshaning'inizwa.

Nililia, Mjomba, kuliko siku ya mazishi. Wanawake walinikumbatia wakidhani ni uchungu wako, na kweli ulikuwa wako. Kazi yote ile! Kuchanganya unga wa titani na chembe za chumvi, kushindilia, kuloweka hadi chumvi iyeyuke iache vitundu, ndipo tuchome kwenye tanuru. Ulikuwa unaonja yale maji kwa ncha ya ulimi kama chumvi imeisha, unatema. "Bado mchuzi huu, mpwa wangu. Mwaga." Nilichoka kumwaga.

Yote uliyaanza kwa ajili ya dada yako. Nyonga ya bandia aliyowekewa Mama ilikuwa nyororo kama sufuria, mfupa haukuwa na pa kushika, ikalegea. Ukaapa utatengeneza yenye vitundu, mfupa uingie wenyewe.

Sasa sikiliza. Nikiwa bado nalia, Mjomba Rajabu alikuja uani na ule mguu mkono mmoja, koleo mkono wa pili, jasho linamtoka, kakasirika. "We mpwa, hiki kidude cha kaka hakitoki! Nimevuta mpaka koleo linateleza."

Niliunyakua, nikausogeza kwenye mwanga. Mfupa ulikuwa umeingia kwenye vitundu, umejaa. Nikacheka na kulia mbele ya wazee, wakaniletea maji ya kunywa.

Mfupa mmoja hautoshi, hilo nalijua. Daktari ameuchukua autazame kwa hadubini, na tutaanza upya na mbuzi wengine, safari hii katika zizi lenye kufuli. Nakuahidi sitaharakisha, hata Mama akinisukuma. Hakuna mtu atakayepasuliwa kabla hatujawa na hakika.

Kabla sijaondoka Matombo, Mama aliuomba ule mguu. Alikaa kwenye mkeka akakisukuma kile kipande kwa dole gumba, akakivuta, akakisukuma tena. Hakikutikisika. Akanirudishia, akajifuta macho kwa kanga. "Kaka hakuona," akasema.

Ndiyo maana nimekuandikia. Pumzika, Mjomba. Kimeshika.

Mpwa wako,
Zuhura